Asilimia 33 ya Nani? Kusoma Takwimu za Kansa ya Pili Ukiwa Kibamba

Tuseme uliwahi kuugua saratani ya matiti. Ukafanyiwa upasuaji, ukapitia dripu za kemo, nywele zikatoka na zikaota tena. Sasa ni mwaka wa tatu na kliniki unahudhuria kama kawaida. Siku moja mdogo wako anakutumia ujumbe wa WhatsApp: watafiti wa Marekani wamegundua kwamba mwanamke aliyepona saratani ya matiti, kama ana jeni fulani ya kurithi, ana uwezekano wa asilimia 33 wa kupata kansa kwenye titi la pili ndani ya miaka kumi.

Utafanya nini na namba hiyo? Ukaombe titi la pili likatwe? Uwaite binti zako uwaambie? Au uufute ujumbe uendelee na maisha?

Namba hiyo si uzushi. Imetoka kwenye utafiti mkubwa, mzuri, uliochapishwa mwaka 2023 katika Journal of Clinical Oncology na kundi la Siddhartha Yadav na Fergus Couch wa Mayo Clinic, chini ya mradi unaoitwa CARRIERS. Mimi si daktari wa wagonjwa. Ni mtu wa maabara na takwimu, ninayesoma makala za aina hii kwa sababu ndiyo kazi yangu. Na nadhani utafiti huu unasomwa vibaya pande zote mbili: wanaousambaza kama tangazo la hatari, na wale wa kwetu wanaosema "hayo ni mambo ya wazungu, sisi tuna shida zetu". Hebu tuusome pamoja, taratibu.

Kwanza: "imerudi" au ni mpya?

Kiswahili chetu cha mtaani kina kitenzi kimoja tu kwa jambo hili: kansa *imerudi*. Ikitokea kwenye mfupa, imerudi. Ikitokea kwenye ini, imerudi. Ikitokea kwenye titi la upande mwingine baada ya miaka sita, nayo imerudi. Lakini hayo si mambo ya aina moja.

Kurudi maana yake ni kwamba seli za ile kansa ya kwanza zilibaki mahali, zikajificha, zikaamka. Zikiamkia kwenye mfupa au kwenye mapafu, bado ni kansa ya titi, imehama tu. Kwa hali hiyo madaktari wanatibu ili kurefusha maisha na kupunguza maumivu, na kuiondoa kabisa huwa ni vigumu sana.

Kansa ya pili ni kitu kingine. Ni uvimbe mpya uliozaliwa wenyewe, hauna undugu wa seli na ule wa kwanza. Ukikutwa kwenye titi la pili ungali mdogo, una nafasi ya kutibika kabisa, sawasawa na mtu anayeugua mara ya kwanza. Madaktari wa vipimo vya tishu wanajaribu kutofautisha kwa kuangalia aina ya seli, vipokezi vya homoni, mahali ulipo na muda uliopita.

Kwa nini naanza na msamiati? Kwa sababu neno lina gharama. Mama akiambiwa "imerudi", anachosikia ni kwamba matibabu yalishindwa. Kuna watakaokata tamaa hapo hapo, na familia itaanza kujiuliza kama kuna haja ya kuuza kiwanja tena. Kumbe huenda alicho nacho ni kansa mpya ya hatua ya kwanza. Kwa hiyo ombi langu la kwanza kwa wanaoandika habari za afya kwa Kiswahili ni hili: tuseme *kansa mpya* pale ilipo mpya.

Jeni hizi hufanya kazi gani

Kila siku DNA ndani ya seli zako inakatika na kuungwa. Ni ukarabati usiokoma, kama barabara ya Morogoro. BRCA1, BRCA2 na PALB2 ni jeni zinazotoa maelekezo ya kutengeneza mafundi wa mkato mbaya kuliko yote, ule wa nyuzi zote mbili za DNA. ATM hupiga kengele mkato unapotokea, na CHEK2 huipeleka taarifa mbele ili seli isimame kwanza kabla ya kugawanyika.

Kila jeni kati ya hizi unayo nakala mbili, moja ya baba na moja ya mama. Aliyerithi nakala moja yenye hitilafu anaishi vizuri tu, kwa sababu ile nyingine inafanya kazi. Shida inaanza pale seli moja inapoipoteza na hiyo nzima. Hapo mkato unaungwa ovyo ovyo, makosa yanalundikana, na seli inaweza kugeuka kuwa kansa.

Sasa angalia jambo linalofuata. Hitilafu ya kurithi haiko kwenye uvimbe peke yake. Iko kwenye kila seli ya mwili: titi la kulia, titi la kushoto, ovari, kongosho, hata damu, na ndiyo maana kipimo chake hufanywa kwa damu au mate. Daktari wa upasuaji akiondoa uvimbe, ameondoa uvimbe. Urithi umebaki palepale, na hiyo ndiyo sababu titi la pili linaingia kwenye mazungumzo.

Hatuzungumzii sayansi ya jana. Mary-Claire King alionyesha mwaka 1990 kwamba jeni ya aina hii ipo kwenye kromosomu ya 17. BRCA1 yenyewe ikapatikana mwaka 1994 na BRCA2 mwaka uliofuata. Tuna miaka zaidi ya thelathini ya ujuzi huu.

Kundi la CARRIERS lilichofanya vizuri

Tafiti nyingi za zamani za kansa ya pili ziliwachukua wanawake kutoka kliniki za familia zenye historia nzito ya kansa. Ukichagua watu wa familia zilizoungua, utaona moto kila mahali. Kundi hili lilifanya tofauti: lilifuatilia wanawake 15,104 waliokuwa kwenye tafiti za jamii nchini Marekani, waliofanyiwa upasuaji wa titi lililougua, wawe na ndugu wenye kansa au wasiwe nao. Wakapimwa jeni tano, kisha wakafuatiliwa kuona nani atapata kansa kwenye titi la pili.

Matokeo yao kwa lugha nyepesi: ukilinganisha na wasio na hitilafu, wenye hitilafu ya BRCA1 au BRCA2 walikuwa na hatari ya karibu mara tatu. Wenye CHEK2, karibu mara mbili. Wenye ATM hawakuonyesha ongezeko la maana. PALB2 ilikuwa ya katikati: kwa jumla ongezeko halikuwa wazi, lakini kwa wale ambao kansa yao ya kwanza haikuwa na vipokezi vya estrojeni, hatari ilipanda karibu mara tatu.

Hili la ATM na PALB2 ndilo ninalolipenda zaidi kwenye makala yao, na ndilo lisilofika WhatsApp. Maana yake ni kwamba huwezi kusema "ana jeni ya kansa" ukaishia hapo. Jeni gani? Kansa ya kwanza ilikuwa ya aina gani? Mwanamke mwenye hitilafu ya ATM akiambiwa akate titi la pili kwa sababu tu "ana jeni", ameshauriwa kinyume na ushahidi huu.

Tatizo la kwanza: mara mbili ya nini?

Sasa tuanze kubishana. Kichwa cha habari kikisema "hatari mara mbili", swali lako la kwanza liwe: mara mbili ya nini?

Mwanamke aliyepona saratani ya matiti na asiye na hitilafu ya kurithi, uwezekano wake wa kupata kansa titi la pili kwa kawaida hauzidi nusu ya asilimia moja kwa mwaka. Yaani katika wanawake 100, ndani ya miaka kumi, ni wanne au watano hivi. Kuzidisha kitu kidogo mara mbili bado kunakupa kitu kidogo.

Na makala yenyewe inalionyesha hilo vizuri, ukiisoma hadi kwenye jedwali. Waandishi waliwagawa wanawake kwa kukoma hedhi. Kwa waliougua kabla ya kukoma hedhi, uwezekano wa miaka kumi ulikuwa asilimia 33 kwa BRCA1, 27 kwa BRCA2 na 13 kwa CHEK2, na asilimia 35 kwa wenye PALB2 ambao kansa yao haikuwa na vipokezi vya estrojeni. Kwa waliougua baada ya kukoma hedhi, namba zinaporomoka: 12 kwa BRCA1, 9 kwa BRCA2 na 4 kwa CHEK2.

Umeiona? Jeni ni ile ile, BRCA1, na kwa mmoja ni 33, kwa mwingine ni 12. Mama wa miaka 62 mwenye CHEK2 yuko kwenye 4. Hao wote ujumbe wa WhatsApp umewaweka kapu moja la asilimia 33.

Kuna wanaochanganyikiwa zaidi wakikutana na utafiti mwingine maarufu, ule wa Kuchenbaecker na wenzake kwenye JAMA mwaka 2017, unaotaja asilimia 40 kwa BRCA1 na 26 kwa BRCA2. Je, nani anadanganya? Hakuna. Ule ulihesabu miaka ishirini, tena kwa kundi la umri mchanganyiko. Huu ulihesabu kumi na kuwatenganisha kwa hedhi. Asilimia isiyotajiwa muda wala kundi haina maana yoyote, ni kama nauli usiyoambiwa ni ya kutoka wapi kwenda wapi.

Ninacholaumu kwa waandishi hapa ni kidogo lakini kipo. Muhtasari wao unatanguliza vipimo vya "mara ngapi" kabla ya asilimia, na msomaji wa haraka huvibeba na kuondoka. Wangeanza na watu 100: katika wanawake 100 wenye BRCA1 waliougua wangali wanapata hedhi, ndani ya miaka kumi 33 watapata kansa mpya na 67 hawataipata. Hiyo kila mtu anaielewa, hata bibi.

Tatizo la pili: lazima kwanza uwe hai

Ili upate kansa ya pili, inabidi uwe umepona ya kwanza. Inasikika kama utani, lakini ndiyo hoja yenye uzito kuliko zote katika makala hii.

Waandishi wa CARRIERS walizingatia vifo kwenye hesabu zao, tuwape haki yao. Ila vifo walivyozingatia ni vya huko. Marekani, takribani wanawake tisa kati ya kumi waliogunduliwa na saratani ya matiti wako hai miaka mitano baadaye. Sasa linganisha na utafiti wa ABC-DO uliofuatilia wanawake wa nchi tano za Afrika, Uganda ikiwemo, na matokeo yake kuchapishwa mwaka 2020 katika Lancet Global Health: kwa jumla, baada ya miaka mitatu tu, nusu ndio walikuwa hai. Tanzania haikuwemo, lakini tathmini ya huduma za saratani ya matiti nchini iliyotolewa mwaka 2017 ilieleza kuwa karibu asilimia 80 ya wagonjwa wetu hugunduliwa wakiwa hatua ya tatu au ya nne.

Maana yake nini kwa yule dada mwenye ujumbe kwenye simu? Chukulia ana miaka 38, anaishi Kibamba, kansa yake iligunduliwa hatua ya tatu mwaka jana. Hata kama ana BRCA1, katika miaka mitatu ijayo kinachotishia maisha yake ni hizi seli za kansa ya kwanza kuliko titi lililo zima. Kukata titi la pili kunapunguza kansa mpya ya titi kwa zaidi ya asilimia 90, hilo halina ubishi. Lakini hakurudishi nyuma seli zilizokwishasambaa. Fedha, muda na nguvu alizo nazo vikienda kwenye upasuaji wa pili huku dozi za kemo zikirukwa kwa kukosa nauli, tumepanga mambo kichwa chini.

Tofauti yake ni dada mwingine wa umri ule ule aliyegunduliwa hatua ya kwanza, miaka mitano imepita na yuko salama. Huyo ana miaka mingi mbele yake. Kwake asilimia 33 ni habari nzito kweli, na anastahili kuambiwa na mtu anayejua, akiwa ameketi, kuliko kuipata kwenye simu.

Mtu mwingine hapa atasema: kwa hiyo wenye bahati ya kupona ndio wa kuhangaikiwa? Ndiyo, na wao pia. Kila Oktoba tunawavalisha fulana za pinki, tunawaita mashujaa, tunapiga nao picha, na kesho yake hatuna cha kuwaambia zaidi ya "mshukuru Mungu". Sijawahi kuona tangazo la Oktoba linalozungumzia titi la pili, ovari, au ndugu wa damu. Ujumbe wetu unaishia pale kansa ya kwanza inapoisha.

Tatizo la tatu: namba za akina nani?

Washiriki wa CARRIERS ni wakazi wa Marekani. Walikuwemo wanawake Weusi, na makala inaeleza kwamba kwa wenye hitilafu, hatari ya titi la pili ilipanda kwa namna inayofanana kwa Weusi na Weupe. Hiyo ni taarifa muhimu. Fundi wa DNA akiharibika ameharibika, awe Chicago au Kwembe.

Lakini aina ya hitilafu hutofautiana kwa asili ya watu. Mfano mzuri ni CHEK2. Hitilafu yake iliyochunguzwa zaidi duniani, inayojulikana kama 1100delC, ni ya watu wenye asili ya Ulaya ya kaskazini na kwa Waafrika ni nadra. Kwa hiyo zile namba za CHEK2, mimi ningezishika kwa mkono mmoja tu.

Je, sisi tuna hitilafu hizi kwa kiasi gani? Hapa ndipo ule usemi wa "mambo ya wazungu" unapoanguka. Utafiti wa wagonjwa 196 wa saratani ya matiti katika Hospitali ya Mulago, Kampala, uliochapishwa mwaka 2020, ulikuta karibu asilimia 16 wana hitilafu ya kurithi kwenye jeni za saratani ya matiti. Takribani mmoja kati ya sita. Nigeria, kwa wagonjwa 1,136, ilikuwa asilimia 14.7. Kwa wagonjwa wa Marekani katika mradi ule ule wa CARRIERS, ilikuwa kama asilimia 5.

Usikimbilie kusema damu yetu ina shida. Angalia upande wa wasiougua: Nigeria asilimia 1.8 ya wanawake wasio na kansa walikuwa na hitilafu, Marekani kama 1.6. Karibu sawa! Urithi haujatofautiana sana. Sehemu kubwa ya tofauti inaelezwa na umri. Nchi zetu ni za vijana, na wagonjwa wetu wengi ni vijana, wakati kansa nyingi zisizo za kurithi huja uzeeni. Kule Marekani mabibi ni wengi kwenye orodha ya wagonjwa, na wanaifanya sehemu ya wenye hitilafu ionekane ndogo. Orodha ya jeni zilizopimwa pia haikuwa ile ile kila mahali. Kwa hiyo tusilinganishe kwa pupa. Ila jambo moja linabaki: ukiingia wodi ya saratani ya matiti katika ukanda huu, mwenye hitilafu ya kurithi si mtu wa kutafuta kwa tochi.

Na hapa nyumbani kazi imeanza. Mwaka 2023, watafiti wa Tanzania wakishirikiana na wenzao wa Uturuki walichapisha katika jarida la Cancer Medicine uchunguzi wa BRCA1 na BRCA2 kwa wagonjwa wa saratani ya matiti nchini. Kinachokosekana sasa ni kuwafuatilia wagonjwa wetu miaka kumi, kumi na tano, tujue nani alipata kansa mpya. Hiyo haihitaji mashine ya mabilioni. Inahitaji daftari la wagonjwa linalotunzwa, namba ya simu iliyosahihishwa, na mtu anayelipwa kupiga simu.

"Kwanza tutibu ya kwanza"

Hoja hii naisikia kwa wenzangu wengi, na ina mantiki. Kipimo cha jeni hakijawa sehemu ya kawaida ya huduma kwa mgonjwa wa saratani ya matiti nchini. MRI ya matiti ya kila mwaka, ambayo miongozo ya nje inawapendekezea wenye BRCA, kwa mama anayetoka Kibamba kwa daladala hadi Mbezi, akapanda mwendokasi hadi Kivukoni, kisha akatafuta usafiri wa kumfikisha Ocean Road, ni ndoto. Bado hujalipia kipimo chenyewe. Na Mwafrika akipimwa jeni ana uwezekano mkubwa zaidi wa kupewa jibu la "kuna badiliko lakini hatujui maana yake", kwa sababu kumbukumbu za dunia zimejaa watu wa Ulaya.

Hata hivyo naikataa hoja hii kwa sababu mbili.

Ya kwanza ni ovari. Tumezama kwenye titi la pili, tukasahau kwamba kwa mwenye BRCA1 uwezekano wa saratani ya ovari hadi umri wa miaka 80 ni asilimia 44, na kwa BRCA2 ni 17, kwa mujibu wa ule utafiti wa 2017. Kansa hii haina kipimo cha kuaminika cha kuigundua mapema, na ikigundulika mara nyingi imechelewa. Lakini inazuilika kwa sehemu kubwa kwa upasuaji wa kuondoa ovari na mirija baada ya kumaliza kuzaa, miongozo ikisema kati ya miaka 35 na 40 kwa BRCA1, na 40 hadi 45 kwa BRCA2. Upasuaji huo hauhitaji teknolojia ya ajabu, na madaktari wa kuufanya tunao. Una bei yake, maana hedhi inakoma ghafla na joto lake, mifupa nayo inahitaji uangalizi. Ila kwa mwenye kovu moja la kansa tayari, huenda huu ndio ungekuwa uamuzi mkubwa kuliko wa titi. Makala ya CARRIERS haikulenga ovari, siilaumu. Nawalaumu wanaoisambaza kana kwamba mwili wa mwanamke mwenye BRCA una matiti tu.

Ya pili ni ndugu. Mtu mmoja akipimwa na hitilafu ikajulikana, kila mtoto wake na kila ndugu yake wa baba na mama mmoja ana nafasi ya nusu kwa nusu ya kuwa nayo. Kwa hao, kipimo kinakuwa rahisi zaidi maana unajua pa kutazama. Na hao hawajaugua. Kansa tunayoweza kuiwahi kwao ni ya kwanza. Kwa hiyo kumpima mgonjwa mmoja mwenye umri mdogo Ocean Road au Bugando ni kuwahudumia watu watano walioko nyumbani.

Hapo pia fomu zetu zina kasoro. Swali la kawaida ni "mama yako au dada yako aliwahi kuugua?" Baba yuko wapi? Jeni hizi ziko kwenye kromosomu za kawaida, baba anazipitisha sawasawa na mama. Shangazi aliyefariki kwa "uvimbe wa tumbo" huko kijijini anaweza kuwa ndiye ushahidi muhimu kuliko wote, na hakuna aliyemuuliza.

Sasa ufanye nini

Kama wewe, au mtu wako, amepona saratani ya matiti, haya yanawezekana hata bila kipimo cha jeni:

- Chora ukoo wako kwenye karatasi, upande wa mama na wa baba. Andika nani aliugua kansa gani na akiwa na umri gani. Kansa ya titi kabla ya miaka 50, kansa ya ovari, mwanaume mwenye kansa ya titi, au mtu mmoja mwenye kansa mbili, hizo ni dalili za kumwonyesha daktari.
- Omba nakala ya majibu ya tishu na uyatunze. Jua kama kansa yako ilikuwa na vipokezi vya homoni. Umeona hapo juu namna jambo hilo linavyobadili hesabu.
- Titi lililobaki lina haki yake. Uliza ratiba ya kulipima kila mwaka, na ukiona badiliko usisubiri tarehe ya kliniki.
- Kama umeandikiwa tamoxifen, imalize miaka yote uliyoambiwa. Inapunguza pia uwezekano wa kansa mpya titi la pili, na ni dawa ya bei nafuu.
- Tumbo likijaa gesi wiki nyingi, ukishiba haraka, ukienda haja ndogo mara kwa mara bila sababu, usimeze dawa za vidonda vya tumbo tu. Mwambie daktari kwamba uliwahi kuugua saratani ya matiti.
- Usiamue kukata titi zima kwa sababu ya ujumbe wa simu. Uliza kwanza: jeni gani, umri gani, kansa ya kwanza ilikuwa hatua gani?

Na wewe mwanafunzi unayetafuta mada ya tasnifu, hapa kuna shimo kubwa. Hatuna namba zetu. Asilimia 33 ni ya mwanamke wa Marekani aliyeugua kabla ya kukoma hedhi, mwenye BRCA1, aliyepata matibabu ya huko. Ya mwanamke wa Kibamba haijahesabiwa, na wa kuihesabu hatatoka Mayo Clinic.